Vifundo Kichwani mwa Hoja

Hamkuona mtu mwingine wa kumsumbua. Mtaa mzima umejaa watoto wenye vyeti, wanaandika huku wanaangalia pembeni, na bado mmekuja kunisimamia mimi mlangoni, mimi niliyeacha shule kabla sijaelewana na herufi. Eti niandike habari ya Hoja. Eti nikisimulia kwa mdomo mnacheka mpaka mnasahau nusu. Haya, nimeandika. Pale nilipokosea soma hivyo hivyo, utaelewa. Na usinirekebishe, sijakuomba.

Hoja ni mtoto wa kaka yetu, na Msusi, ambaye mtamkuta mbele, ni mdogo wangu wa mwisho. Nawaambia mapema ili mtu asije akasema napendelea. Napendelea, ndiyo. Tuendelee.

Jina la Hoja hakupewa na baba yake, alijipatia mwenyewe kwa mdomo wake. Alipokuwa mdogo ukimtuma maji anakuuliza kwanza kwa nini yeye na si yule mwingine aliyekaa. Ukimchapa anasubiri umalize, anafuta machozi, anasema, "Sawa, lakini nina hoja." Baba yake alikuwa anaweka fimbo chini anatoka nje kwenda kuchekea huko. Kakua na hoja zake hivyo hivyo, kaolewa nazo, tena na fundi wa friji, mtu mpole ambaye ukianza kubishana naye anakwenda kutafuta bisibisi. Wakapata watoto wawili, wakapanga nyumba nyuma ya kituo cha mafuta, maisha yakaenda.

Kazi yake ilikuwa mapokezi kwa wakili. Meza ndogo karibu na mlango, simu, jagi la maji, na viti vya wageni ambavyo kimoja kimelegea mguu, kwa hiyo anayekaa pale hukaa kama mtu anayetaka kuondoka. Watu walikuja na mikataba yao: ya nyumba, ya viwanja, ya kuleta mchanga, ya kushona sare za shule. Hoja anawakaribisha, anawauliza mawili matatu, na kabla wakili hajawaita ndani yeye keshajua nani kamgeuka nani. Wakili mwenyewe ni mwanamke mkavu, hana maneno mengi, na ukuta wa ofisi yake ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo alikuwa anasikia kila kitu. Siku moja akamwita akamwambia, wewe unapoteza kichwa hapo mlangoni. Nenda kasome cheti cha sheria, masomo ya jioni yapo. Ukikipata nitakuingiza chumba cha ndani, uwe unaisoma mikataba kabla haijafika kwangu.

Hoja alitoka mle hajui kama anatembea au anaelea. Akajiandikisha chuo.

Masomo yote aliyapita, mengine kwa kukimbia, mengine kwa kuburuza mguu, lakini aliyapita. Lililomkwama kooni ni lile lile lililompeleka: sheria ya mikataba. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotosha. Hakushindwa kuielewa. Mwulize kwa Kiswahili makubaliano yanafungika vipi, yanavunjika vipi, nani anaweza kujitoa na nani kanasa, atakueleza mpaka umwombe apumzike. Wenzake walikuwa wanamzunguka kwenye korido kabla ya kipindi awafafanulie. Shida ni kwamba mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kupokea mgeni na kumwambia asubiri kidogo. Alikijua kitu, hakujua kinaitwaje. Yale maneno ya kisheria, ambayo mwalimu anataka uyaandike kama yalivyo, yalikuwa yakimwona ameshika kalamu yanatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Kuvunja mkataba, kwa mfano, wao wanasema "breach", neno fupi tu, halijai hata kiganja. Hoja likimtoroka anaandika mstari mzima: kutofanya jambo ulilosema utalifanya na hali ulilisema mwenyewe. Likihitajika tena, anaandika mstari mzima tena. Karatasi ikaisha yeye bado anazunguka, kama mtu aliyesahau jina la mkwewe na anaona aibu kuuliza. Akafeli. Akarudia, akafeli. Chuo kikamwita kikamwambia imebaki safari moja tu. Akianguka tena jina linafutwa, na masomo yale mengine aliyoyapita yanafutwa nalo, arudi mlangoni kwa wakili kama alivyotoka.

Nyumbani walijitahidi. Fundi friji aliyaandika maneno kwenye vipande vya karatasi akabandika mlango wa jiko, kwenye kioo, mpaka ubavuni mwa friji yao wenyewe. Watoto wakayashika kabla ya mama yao. Mdogo alikuwa bafuni, kaka yake akamdanganya kwamba sabuni imeisha, basi akapiga kelele nyumba nzima ikasikia kwamba amefanyiwa "misrepresentation", yaani kaingizwa mjini kwa maneno ya uongo. Hoja alicheka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, kwa sababu asubuhi ile ile neno hilo lilikuwa limemkataa yeye.

Sasa njooni kwa Msusi. Chumba chake kiko ubavuni mwa duka la viatu. Kina kiti kimoja kizuri cha kuzunguka, kigoda kifupi, kioo, benchi la wanaosubiri, na misumari ukutani iliyotundikwa nywele za rangi zote kama mikia. Kile kiti kizuri ni cha kupendezesha chumba tu. Anakukalisha kwenye kigoda, kichwa chako kati ya magoti yake, kitana kiko mdomoni, na anaanza kisogoni anapanda juu. Ukishakaa hapo huna pa kwenda. Mdogo wangu hakusoma hata kufika nilipofika mimi, lakini vichwa anavijua. Sisemi nywele, nasema vichwa. Akikushika tu anajua umelala au umekesha unalia. Umegombana na nani hajui, lakini kwamba umegombana anajua. Anasema shingo haina adabu, haijifunzi kuficha.

Hoja alikuja kusukwa na kitabu chake mkononi, akawa anasomea pale chini, anafunika maneno kwa kidole halafu anajitajia mwenyewe. Msusi akamwacha, akamwacha, kisha akasema na kitana chake mdomoni:

"Hilo hulijui."

"Nalijua, shangazi. Nimelisema sawa."

"Umelisema sawa, ila hulijui. Umebahatisha. Rudia."

Hoja akarudia, likakataa. Akageuza kichwa, akageuzwa akarudishwa.

"Shangazi, wewe Kiingereza umekijulia wapi?"

"Sikijui, na wala sina haja nacho. Shingo imekakamaa. Kwa yale mengine ilikuwa laini."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Msusi akaweka amri yake: mstari wa nywele haufungwi mpaka neno litoke na shingo ikiwa laini. Ukibahatisha, mstari unafumuliwa. Hoja akaleta hoja kwamba hiyo si haki, kwamba aliyekuja kusukwa hawezi kuwekewa masharti akiwa keshasukwa nusu. Msusi akamvuta nywele kidogo tu, kesi ikaisha. Tangu hapo akitoka ofisini, siku asiyokuwa na kipindi, anapitia kwa Msusi. Anasukwa, anafumuliwa, anasukwa upya, kichwa kikawa kama shamba linalolimwa bila kupandwa.

Na wanawake wa benchi, mimi nikiwa mmoja wao, ambao kazi yao ilikuwa kusubiri zamu na kusengenya, wakaingia darasani bila kualikwa. Kila neno walitaka waelezwe, na Hoja akishaanza kumweleza mtu anakuwa mwingine, anapata mwili. "Void" na "voidable" ziliwachanganya sana mpaka akawaambia hivi: nikikubaliana na shangazi anisuke mawingu, hayo ni makubaliano ya hewa, hayajawahi kuwepo, hiyo ndiyo void. Lakini akiniapia nywele ni laini, nikakubali, kumbe ni nyuzi za magunia, hapo uamuzi ni wangu, naweza kukaa nazo, naweza kuzikataa. Hiyo ndiyo voidable. Mama mmoja muuza vitambaa akafikiri sana, akasema basi ndoa yake ni hiyo ya pili, ila bado hajaamua. Benchi zima tukainamiana kwa kicheko. Msusi akatuambia tunyamaze, shingo inatikisika hawezi kuisoma.

Maneno yakawa yanatoka. Chini ya mikono ya shangazi yake Hoja alifika mahali hakosei hata moja. Lakini akikaa mezani na karatasi, mikono ile haipo, yanatawanyika upya. Wote wawili walilijua hilo na kila mmoja alimficha mwenzake.

Katika kazi ya mdogo wangu kuna kitu kimoja sharti nikieleze. Mteja akiitwa nyumbani kabla hajamalizwa, Msusi hufunga kifundo cha uzi mweusi pale alipofikia, ili akirudi wasihangaike kutafuta. Kwake kifundo kina maana moja tu: anzia hapa. Basi, mtihani ni kesho, Hoja kaja uso umemshuka. Msusi akamsuka mistari iliyolala vizuri kuliko yote aliyowahi kumsuka, na kwenye kila mstari, karibu na ngozi ambapo jicho halifiki, akafunga kifundo kidogo, neno moja kifundo kimoja. Kwa wakati huo na yeye alishayajua kwa sauti, kama mtu anavyojua wimbo wa lugha ya watu. Akamshika kidole akampitisha. Hapa juu ya sikio ni "offer", pale mtu anaposema nakupa hiki kwa hiki. Kinachofuata ni "acceptance", mwenzake anapokubali. Akampeleka hivyo kutoka sikio hili mpaka lile. Akamwambia ukikwama, gusa, uanzie hapo.

Sisi wa benchi tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza chuo kitasema nini. Kwetu aliyesukwa amesukwa, basi.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa mkubwa, madawati yametengana kama watu walionuniana. Msimamizi alikuwa kijana mrefu wa viatu visivyo na sauti. Hoja akafungua karatasi, maneno yakatawanyika kama kawaida yao. Akapandisha mkono wa kushoto akagusa juu ya sikio. Neno likaja. Akaandika. Akagusa cha pili, likaja la pili. Alituambia baadaye ilikuwa kama kupita njia ya giza halafu ukutani ukakuta kamba. Kwa mara ya kwanza kalamu ilikuwa inakwenda mbele na yeye anaifuata nyuma. Akasahau ukumbi, akasahau watu, na hakuona kwamba vile viatu vimesimama kando yake kitambo.

"Una nini kichwani?"

"Nywele."

"Nimekuangalia. Unagusa, unaandika. Unagusa, unaandika."

Akaitwa mama wa mitihani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Akaomba radhi kwanza, kisha akapitisha vidole kichwani mwa Hoja pole pole. Vikasimama. Akapata kifundo. Akapata kingine. Akauliza hivi ni nini. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka.

Mwingine angesema ni mtindo. Hata mimi ningesema ni mtindo na ningeapa juu. Lakini Hoja, kwa mdomo wake wote ule, atabishana na wewe mpaka ukimbie nyumba yako, ila kukudanganya hawezi. Akasema ni vifundo vya kukumbukia. Akaambiwa aweke kalamu chini, achukue mkoba wake, atoke.

Ofisi ya mitihani ilikuwa na dirisha moja na kabati la chuma, na kanuni zimebandikwa ukutani. Mama wa mitihani akamwonyesha kwa kidole: mtu haruhusiwi kuingia na maandishi au alama yoyote ya kumsaidia. Na adhabu yake si kufeli. Ukifeli unarudi nyumbani na jina lako. Hii ni kufukuzwa kwa udanganyifu, na ukishafukuzwa hivyo hakuna chuo kitakachokupokea wala wakili atakayekuweka hata mlangoni. Hoja anasema alichokiona mbele ya macho yake hakikuwa chumba cha ndani kwa wakili. Alimwona shangazi yake anafunga vile vifundo, ulimi umetoka pembeni kwa umakini, na akawaza atakwenda kumwambia nini.

Na hoja alikuwa nayo, ilishakaa kwenye ulimi: kifundo si maandishi, uzi hauna herufi, mpeni profesa yeyote ausome. Angeweza kuisimamia hiyo mpaka jioni. Akaimeza. Sisi tuliomlea tuliposikia hilo hatukuamini. Alisema kanuni imeandika alama yoyote, na hizo ni alama, hawezi kusema sizo. Kisha akasema:

"Mama, naomba kitu kimoja. Nifumueni. Nywele zote, hapa hapa. Nilichoandika mkifute. Nipeni karatasi tupu na muda uliobaki. Nikianguka, nimeanguka mwenyewe."

Mama wa mitihani akamwangalia. Akasema yeye hana madaraka hayo, akapiga simu. Akaja mwalimu wa mikataba mwenyewe, mzee mfupi mwenye kikohozi, kikombe cha chai mkononi, anakitembeza kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Akasikiliza huku, akasikiliza huku. Akasema mtu akishukiwa, mwalimu wa somo anaruhusiwa kumhoji kwa mdomo kabla kesi haijapanda juu. Basi afumuliwe, na yeye anywe chai yake. Akijua, atapewa karatasi nyingine. Asipojua, wao wanajua kinachofuata.

Akakaa chini, mama wa mitihani akavuta kiti nyuma yake akaanza kufumua kwa kifuniko cha kalamu. Alikuwa na mkono mzuri, akasema ana mabinti. Kila kifundo alichokitoa alikiweka mezani, na Hoja akawa anavitazama vinavyolundikana, vidogo, vyeusi, kama nzi waliokufa. Kila kimoja kilichotua alihisi neno linaondoka nacho. Walipomaliza, nywele zilikuwa zimesimama kila upande. Alijiona kwenye kioo cha dirisha akageuza uso.

Mwalimu akaanza kumwuliza kwa Kiingereza. Neno la kwanza, Hoja kimya. La pili, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Msimamizi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia viatu vyake. Nadhani na yeye alishaanza kuona vibaya. Mzee akakohoa, akautazama ule mlundo wa uzi mezani, akauliza nani kamsuka. Shangazi yangu. Alikuahidi kukusuka? Ndiyo. Ukakubali? Ndiyo. Akanywa chai kidogo, akasema, bado kwa Kiingereza, na sauti yake haina haraka, kwamba basi shangazi huyo siku hiyo asingetokea, Hoja angeweza kumpeleka mahakamani.

Hoja akainua kichwa.

"Nimshitaki shangazi yangu?"

Damu ilishamchemka. Akasema hapana, mwalimu, haiwezekani. Offer ilikuwepo, acceptance ilikuwepo, sawa, lakini hayo mawili peke yake hayafungi kitu, kwa sababu baina yangu na shangazi haikuwepo "intention to create legal relations", hatukukaa pale kwa nia ya kufungana kisheria. Ni ndugu, na sheria yenyewe ikiona ndugu wanaahidiana inaanza kwa kudhani hawakuwa na nia hiyo. Mzee akasema, lakini shangazi yako kusuka ndiyo kazi yake, ana chumba na mlango. Hoja akasema dhana hiyo inaweza kupinduliwa, ndiyo, lakini aipindue anayedai, na ataipindulia wapi? Hajawahi kunitoza hata mara moja. Niambie mimi nilimpa nini yeye badala ya kunisuka, "consideration" yangu iko wapi? Mzee akasema ulimpa mapenzi. Hoja akasimama, nywele zile zimesimama naye, akasema mapenzi si consideration, mwalimu, ulitufundisha wewe mwenyewe umekaa kwenye pembe ya meza, na hukupaswa kuonekana umefurahi vile ulipokuwa unasema.

Mama wa mitihani akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Wakaendelea. Mzee anarusha breach, Hoja anaidaka na kuirudisha. Mzee anauliza ingekuwaje kama shangazi alidanganya kuhusu nywele, Hoja anampa misrepresentation pamoja na voidable yake, bila kuulizwa. Kiingereza chenyewe kilikuwa kinachechemea, huku kimevaa kiatu na huku hakina, lakini maneno ya sheria yalikuja yote yakiwa wima. Hakuna aliyeyagusa. Hakuyatafuta. Alikuwa na jambo la kusema na alikuwa na haraka nalo. Mpaka mzee akakitazama kikombe chake, chai ilishakuwa baridi, akakiweka chini akasema kwa Kiswahili:

"Mpeni karatasi."

Hoja anasema hakusikia raha pale pale. Aliandikia kwenye kona ya ofisi ile, kabati la chuma mgongoni, na neno likijificha hakupandisha mkono kichwani. Alimfikiria mtu anayetaka kumwonea shangazi yake, neno likatoka lenyewe.

Huku kwetu habari ilishatangulia, na ilikuwa imetiwa chumvi njia nzima: Hoja kakamatwa na vitu kichwani, Hoja kachukuliwa. Msusi akawaambia wateja waondoke, mmoja akiwa kasukwa upande mmoja tu, akafunga mlango na yeye yumo ndani. Niligonga mimi dada yake, akakataa kufungua. Nikasimama pale namtukana kupitia mlango, kwa mapenzi.

Mara tukamwona Hoja anakuja, nywele kama mtu aliyetoka kupigana na paka. Watu wakampisha. Akagonga.

"Shangazi, ni mimi."

Kufuli likalia. Msusi akaona kichwa kile akakaa chini pale pale kwenye kigoda cha wateja, akafunika uso.

"Nimekuharibia, mama. Mimi na ujinga wangu."

"Hujaharibu kitu. Nimeandika mpaka mwisho wa karatasi."

Ikabidi arudie mara nyingi. Akamweleza mzee na chai yake, akamweleza mama mwenye mabinti, akamweleza alivyosimama kukataa kumshitaki. Nilimwona mdogo wangu mabega yanashuka kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo na bado haamini kwamba hauko. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kazi, kimejaa mafuta, akang'aa kama sahani. Kisha akaanza kumgombeza kwamba kapita mtaani kichwa kiko hivyo, watu watasema amesukwa wapi. Hapo ndipo tulipojua kwamba tumepona.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita. Si kwa kupaa, lakini amepita. Alikuja kutuambia mchana, akakaa kwenye benchi akisubiri Msusi amalize kichwa cha mteja, na katikati ya maneno usingizi ukamchukua, mdomo wazi, mkoba bado begani. Usingizi wa muda wote ule ulikuwa umemngoja hapo. Hakuna aliyemwamsha. Wateja wakasimama wao, Msusi akawa anasuka kwa kunong'ona, na fundi friji alipokuja kumtafuta akamvua viatu akakaa sakafuni kumsubiri. Sasa yuko chumba cha ndani kwa wakili, anasoma mikataba ya watu, na anayetoka mle akiwa na mkataba mbovu ni kwa kiburi chake, si kwa kutoambiwa.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Mimi na mdogo wangu hatujaelewana mpaka leo. Mimi nasema kifundo ni kifundo, mtoto alikuwa na haki ya kukaa na nywele zake, na wale walimsumbua bure. Msusi anasema hapana, ilikuwa ni kuiba, hata kama mwizi hakujua, na kwamba mzee yule angetaka kuwa mbaya asingekosa haki. Hoja tumemwomba aamue, anakataa, anasema kesi ya shangazi zake haigusi. Basi utaamua wewe uliyesoma mpaka hapa. Usiniandikie, macho yangu yamechoka. Njoo mwenyewe, nipo ubavuni mwa duka la viatu, benchi lile lile, na uniambie mbele ya Msusi: ni alama au si alama? Usije na habari za inategemea. Na sitakusogelea upate pa kukaa mpaka uwe umejibu.